Kona ya Dirishani

Kwanza chomoa plagi.
Hilo halina mjadala, hata kama mkono ni wako
na vidole umevihesabu asubuhi, ukavikuta kumi.

Msumeno huu ulikuwa wa Rosaire Gagnon,
aliyejenga nusu ya vibaraza vya mtaa huu wa Lewiston,
akafa mwezi wa pili, mwaka juzi, theluji ikiwa kiunoni,
na ukumbi wake wa kulia chakula
ameuzungushia ukingo wa dari pande tatu.
Upande wa nne ulibaki mtupu
kama kanzu isiyopindwa.

Mjane wake, Bi Léonie, aliniita.
"Umalize kabla ya Pasaka," akasema.
Nikakubali. Nyumba ya miaka mia na kumi,
na mimi nimekubali bila kuuliza bei ya kona.

Basi natandika skwea juu ya meza ya msumeno,
mgongo wake ubavuni mwa diski, pasipo meno,
nainama, jicho moja nimelifumba,
natafuta mwanga.
Upo. Mwembamba, kama unywele wa mtoto.
Nalegeza parafujo, nasukuma kichwa kidogo, nakaza.
Mwanga umekufa.
Sasa sifuri ni sifuri;
pasipo sifuri ya kweli kila namba ni uzushi.

Ukingo nimeulaza chali.
Meza izunguke hadi thelathini na moja na nusu,
kichwa kiiname hadi thelathini na nne kasorobo kidogo:
miinamo miwili kwa pigo moja,
kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo
huku akigeuka kumtazama aliyemwita.

Mwalimu Bitaliho, Veta ya Kigoma, hakuwa na mashine hii.
Alikuwa na msumeno wa mkono
na kisanduku cha mninga chenye mikato mitatu.
"Kona ni tisini," akigonga ubao.
"Ikikataa kuwa tisini, kosa ni la mwashi."

Nakata. Unga wa msonobari unaingia hadi kwenye soksi.
Napanda ngazi na vipande viwili.
Vinabusiana puani, vinaachana mkiani,
pengo la kupitisha sarafu.

Huyo mwashi alizikwa babu yangu hajazaliwa.
Nimshitaki wapi?

Nashuka. Napangusa vumbi
kwenye kibao alichokipigilia Rosaire nyuma ya meza,
na chini ya vumbi kuna penseli:
neno moja la Kifaransa, dirisha,
kisha tisini na mbili,
kisha thelathini na robo tatu,
thelathini na tatu na robo.

Alikuwa ameshapima.
Alibakiza kukata tu.

Nikaweka namba zake, kwa heshima, bila kuzihakiki.
Pengo likapungua. Halikuisha.
Nikafungua kipimapembe, nikakiegemeza kuta zote mbili:
tisini na tatu.

"Barafu huinua msingi," Bi Léonie akasema toka mlangoni,
kikombe mkononi, chai si yangu, ni yake.
"Kila mwaka kidogo. Rosaire aliitukana kila Aprili."

Nyuzi moja, basi. Baridi mbili bila yeye.

Thelathini na robo. Thelathini na tatu kasoro.
Acha diski ifike mwendo wake ndipo uishushe,
na usiinue mpaka inyamaze.

"Imefunga?"
"Imefunga."
Chini kabisa, anapoona fundi peke yake,
umebaki ufa wa wembe; rangi itaumeza.

Nilichonga penseli, nikaandika tisini na tatu
chini ya tisini na mbili yake,
mwandiko wangu mbaya kuliko wake,
nikaacha nafasi chini yake.

Bi Léonie aliuliza vile vipande vilivyokosea nimevitupa wapi.
Viko kwenye ndoo, nikamwambia. Vinne.
Akainama, akachagua viwili,
vile vya namba za Rosaire,
bila mimi kumwonyesha.